Jua na SNEL katika nyumba moja: namna ya kufunga umeme wa jua kwa depo ya koperative bila kuhatarisha watu



Kuko swali moja linalorudia kila mara tukikutana juu ya mambo ya umeme. Depo iko na kontere ya SNEL, lakini umeme unakuja usiku katikati na kuondoka mbele ya jua kutoka. Koperative imepata pano mbili tatu za jua, ao imeweka feza pembeni ya kuzinunua. Sasa watu wanauliza: «Tutazifunga namna gani ku nyumba hii, ampuli zibakie zile zile, prizi zile zile, na frigo ya dawa isikufe kila siku ya delestaji?»

Inawezekana, na si kazi ya ajabu. Lakini kuko sheria moja inayopita zingine zote: umeme wa jua na umeme wa SNEL visikutane katika waya moja bila chombo cha kuvitenga. Mwenye kukosa hapo anaweza kuunguza vyombo vyake. Mbaya zaidi, anaweza kuua mutu asiyemujua, mutu aliye juu ya mulingoti mbali na depo. Makala hii inaeleza juu ya nini, na namna ya kufanya vizuri. Haitafanya mutu kuwa fundi. Kazi yake ni kusaidia komite ijue nini ya kuomba kwa fundi, na nini ya kukatala.

Nyaya zinapita juu ya mashamba, giza iko ndani ya nyumba

Mutu wa Kambove anajua uchungu huu. Mutambo wa Mwadingusha uko katika teritwari yetu, kwa muto Lufira, na unafanya kazi tangu mwaka 1930. Chini yake, kwa muto ule ule, kuko Koni. Upande wa Kolwezi, kwa Lualaba, kuko Nzilo na Nseke. Mitambo hii ilijengwa kwanza juu ya migodi ya shaba. Katika mwaka 1982 laini kubwa toka Inga ilifika Kolwezi, safari ya kilometre karibu 1 700, nayo pia juu ya migodi. Mwadingusha ilitengenezwa upya, na mashini zake sita zilimalizika kurudi kazini mwaka 2021. Lakini migodi iliongezeka, miji iliongezeka, na mulimaji angali anangojea.

Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mulango: SNEL haiko tena peke yake, na watu wengine wanaweza kutoa umeme. Serikali ilianzisha pia ANSER juu ya umeme wa vijiji na pembeni ya miji, na ARE juu ya kusimamia bei na haki. Manono, katika Tanganyika, ilipata mutambo wa jua wa megawati 1 wenye batri mwaka 2018. Goma ilipata wake wa megawati 1,3 mwaka 2020. Kwa hiyo umeme wa jua si muchezo wa kuwasha ampuli moja. Lakini kadiri unavyokuwa na nguvu, ndivyo unavyoomba heshima.

Umeme unaorudi nyuma: hatari ya kwanza

Karibu na kila mutaa kuko kabini ya SNEL. Ndani yake kuko transfo. Inapokea umeme wa volti elfu nyingi toka laini kubwa, inaupunguza mpaka volti 220 ya nyumba zetu. Watu wengi wanazani transfo inafanya kazi kwa upande mumoja tu. Hapana. Transfo haichagui njia. Ukiingiza volti 220 kwa upande wa nyumba, inatoa volti elfu nyingi kwa upande wa laini.

Sasa angalia. SNEL imekata. Mutumishi wa SNEL amepanda mulingoti kutengeneza waya, anajua laini imekufa. Kule depo, mutu amechukua onduleri (wengine wanaita konvertiseri), akaifunga kwa prizi ya ukuta na waya yenye vichwa viwili vya dume. Ampuli zote za depo zinawaka, watu wanapiga mikono. Lakini umeme ule haukubaki ndani ya depo. Umepita kontere, umetoka inje, umefika kwa transfo, umepanda. Mutumishi anashika waya yenye volti elfu nyingi.

Wengine wanasema: «Onduleri yetu ni ndogo, haiwezi kubeba mutaa muzima, itajikata yenyewe.» Mara nyingi ni kweli, itajikata. Lakini kama waya ya SNEL imeanguka ao imekatwa karibu na depo, mutaa hauko tena ule upande. Onduleri haioni muzigo, inabaki inasukuma umeme ndani ya ile waya iliyolala chini. Mutoto akipita pale kwenda kuteka mayi, ni yeye atakayeikanyaga.

Na kuko saa ingine: saa SNEL inarudia. Watoto wanapiga kelele «Imekuya!», na umeme wa SNEL unakutana na wa onduleri katika waya moja. Mawimbi ya hizi mbili hayaendi pamoja. Onduleri inapasuka, mara ingine moto unawaka. Vyombo vya mwaka muzima wa feza za mahindi vinamalizika kwa dakika moja.

Kwa hiyo, waya ya dume kwa dume isiingie katika depo. Haijalishi ni onduleri ao jenereta. Komite ikiiona, iikate vipande viwili siku ile ile.

Hesabu kwanza, kununua nyuma

Mbele ya kuongea juu ya namna ya kufunga, tujue muzigo. Andikeni kila chombo, wati zake, na masaa inafanya kazi kwa siku. Muzidishe, mutapata wati-saa. Tuchukue depo ya mufano:

– Ampuli 8 za LED za wati 10, masaa 5: wati-saa 400.
– Simu 20 za kuchaji, kila moja wati-saa 15: wati-saa 300.
– Kompyuta ndogo ya mwandishi, wati 50, masaa 4: wati-saa 200.
– Frigo ya chanjo za kuku, wati 150, inazunguka masaa 8 kwa jumla: wati-saa 1 200.

Jumla ni 2 100. Njiani kuko hasara: ndani ya waya, ndani ya batri, ndani ya onduleri. Ongezeni robo moja. Inafika karibu 2 700.

Pano ngapi? Katika Haut-Katanga, wakati wa ukavu jua ni nyingi. Lakini Desemba na Januari mawingu yanafunika. Hesabuni kwa masaa 4 ya jua kamili, hata kama mwezi wa nane mutapata zaidi. Gawanya 2 700 kwa 4: ni wati 675. Pano mbili za wati 400 zinatosha, na kunabaki kidogo.

Batri ngapi? Tunataka usiku na siku moja ya mawingu, ni kusema wati-saa 2 700. Batri za litiamu mutu anaweza kutumia kama sehemu 80 katika 100. Basi inaomba wati-saa karibu 3 400: batri moja ya volti 24, amperi-saa 150, ni 3 600, iko sawa. Batri za risasi hazipendi kushuka chini ya nusu. Basi inaomba 5 400. Batri moja ya volti 12, amperi-saa 200, iko na 2 400. Tatu zingetosha, lakini kwa volti 24 inaomba hesabu ya mbili mbili. Kwa hiyo ni nne.

Onduleri? Vyombo vyote pamoja havipiti wati 400. Lakini frigo saa inaanza inavuta mara tano ya nguvu yake, karibu wati 750. Onduleri ya wati 2 000, yenye wimbi safi, inaweza bila kuchoka. Ile ya bei ndogo, yenye wimbi la kukatwakatwa, inapasha mota ya frigo moto na kuiua pole pole.

Mumeona mashini ya kusaga haiko katika orodha. Mota ya mashini ya kilowati 7,5 inavuta peke yake mara kumi na tisa ya muzigo wetu wote, na kuanza kwake ni zaidi tena. Kuisagisha kwa jua inawezekana, lakini ni mradi mwingine, wenye pano nyingi na chombo chake chenyewe. Kwa mufumo huu mudogo, mashini ibaki kwa SNEL ao kwa jenereta. Mutu akisema «tutajaribu tu mara moja», ndiye atakayelipa onduleri.

Njia ya kwanza: kutenga kabisa

Umeme wa jua uko na waya zake, ampuli zake, prizi zake. Umeme wa SNEL uko na zake. Hakuna mahali zinagusana. Prizi za jua zipakwe rangi ya manjano, za SNEL zibaki nyeupe, kila mutu ajue.

Ni njia ya bei ndogo, na ni yenye usalama kuliko zote. Ubaya wake ni kwamba frigo lazima mutu aitoe kwa prizi moja na kuiweka kwa ingine saa umeme unabadilika. Kwa koperative inayoanza, yenye ampuli na simu tu, musitafute mbali. Hii inatosha.

Njia ya pili: swichi ya kugeuza

Hapa ampuli na prizi ni zile zile, lakini kati yao na vyanzo viwili kunawekwa swichi ya kugeuza, ba fundi wanaita inveseri. Iko na nafasi tatu: SNEL, sifuri, JUA. Mukono wake hauwezi kuwa kwa nafasi mbili pamoja. Ni chuma yenyewe inayokataza, si akili ya mutu. Hapo ndipo usalama uko: hata mulinzi mwenye usingizi hawezi kukosa.

Mambo ya kuangalia ni haya:

Swichi ikate waya zote mbili, ya fazi na ya netre. Ba fundi wengine wanageuza fazi tu na kuacha netre zishikane. Hiyo si kutenga. Umeme unaweza kurudi kwa njia ya netre.

Swichi iwekwe nyuma ya kontere na nyuma ya disjonteri kubwa ya SNEL. Kutoka mulingoti mpaka kontere ni mali ya SNEL. Musifungue, musiguse, musikubali fundi aguse. Kama kontere ao waya ya kuingilia iko mubaya, ni SNEL wa kuitwa.

Tablo zigawanywe mbili. Tablo kubwa inabaki na SNEL peke yake: mashini ya kusaga, chuma ya kulehemu, réchaud ya kupika. Tablo ndogo ndiyo inapita kwa swichi ya kugeuza: ampuli, simu, kompyuta, frigo. Hivi mutu akigeuza kwa JUA, mashini haiwezi kuanza hata akibonyeza. Komite ikikumbuka jambo moja tu juu ya njia hii, iwe hili la tablo mbili.

Kwa tablo ndogo, onduleri ya wati 2 000 inatoa amperi karibu 9 kwa volti 220. Disjonteri ya amperi 10 inatosha. Musiweke ya 32 «ili isikatike-katike». Disjonteri haikatike kwa kusumbua watu. Inakatika ili waya isiungue ndani ya ukuta.

Njia ya tatu: onduleri ya hibridi

Chombo hiki kinapokea SNEL, kinapokea pano, kinachaji batri, na kinageuza chenyewe. SNEL ikipotea, ampuli haziwezi hata kuzimika vizuri. Ni njia nzuri kwa frigo ya chanjo, ambayo inaomba digri kati ya 2 na 8 usiku na muchana.

Lakini ndani yake ni swichi ile ile ya kugeuza, tofauti ni kwamba muko munaamini mashini ndogo pahali pa mukono. Kwa hiyo fundi aonyeshe jambo hili mbele ya komite: anazima disjonteri kubwa ya SNEL, ampuli zinabaki zinawaka kwa jua. Kisha anapima na kipimo chake kwa waya za kuingilia SNEL ndani ya onduleri. Lazima kipimo kionyeshe sifuri. Kikionyesha volti, umeme unarudi nyuma, na chombo hicho kisifungwe hata kama kimelipwa.

Wekeni pia kinga ya volti mbele yake kwa upande wa SNEL. Wote tunajua namna volti ya mutaa inashuka jioni na kuruka juu saa umeme unarudia.

Kuko aina ya ine ya onduleri, isiyo na batri, inayosukuma umeme wa jua moja kwa moja ndani ya laini. Kenya, sheria ya nishati ya mwaka 2019 ilifungua njia ya mutu mwenye pano kurudisha umeme kwa laini na kuhesabiwa. Kwetu musifanye hivyo bila ruhusa ya kuandikwa. Tena mujue: aina ile, ikiwa nzuri, inajizima saa SNEL inapotea, juu ya kulinda yule mutumishi wa mulingoti. Mutu akikuuzia akisema itawasha depo wakati wa delestaji bila batri, anakudanganya.

Waya ya udongo

Kila mufumo unaomba waya ya udongo, prizi ya tere. Fimbo ya shaba ao ya chuma iliyopakwa shaba inapigwa ndani ya udongo, metre moja na nusu mpaka mbili. Fremu za pano, mwili wa onduleri, mabati ya depo na tere ya prizi zote zifungwe kwake. Fimbo moja ya jua na ingine ya SNEL zikiwa mbili, ziunganishwe pamoja.

Angalieni wakati wa ukavu. Mwezi wa nane udongo wetu mwekundu unakuwa mugumu sawa tofali, na udongo mukavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo iliyopimwa vizuri mwezi wa pili inaweza kuwa bure mwezi wa tisa. Muipige mahali mayi yanamwagika, pembeni ya pahali pa kunawia, na fundi aipime wakati wa ukavu.

Jambo lingine ba fundi wengi wanalisahau. Disjonteri yenye kifungo kidogo cha kujaribu, ile inayokata mutu akishikwa na umeme, inafanya kazi kwa sababu netre ya SNEL imefungwa kwa udongo kule kabini. Saa munageuza kwa JUA, ile netre haiko tena. Netre ya onduleri mara nyingi inaelea hewani. Basi mutu anaweza kushikwa, na disjonteri inaangalia tu. Muulize fundi: «Tukiwa kwa jua, netre imefungwa kwa udongo wapi?» Onduleri zingine zinafanya zenyewe, zingine zinaomba kufungwa, na kitabu cha chombo kinaeleza namna. Musitosheke na kubonyeza kile kifungo. Kifungo kinaonyesha tu kwamba disjonteri ni nzima, hakionyeshi kwamba udongo umefungwa.

Radi ya Katanga hatuna haja ya kuieleza. Kinga ya radi iwekwe kwa waya za pano na kwa waya ya SNEL, na waya yake ya kwenda udongo iwe fupi na ya kunyooka.

Pano juu ya mabati

Vitabu vya Ulaya vinasema pano ziangalie kusini. Kule ni kweli. Sisi tuko chini ya ikweta, karibu digri 11. Pano zetu ziangalie kaskazini, na ziinamishwe digri 10 mpaka 15, ili mvua izioshe. Pano moja ya wati 400 inakaribia kilo 20. Muangalie mbao za paa kama muchwa haujazila mbele ya kupandisha.

Vumbi ya barabara za malori inafunika pano wakati wa ukavu. Muzisafishe kila juma mbili, asubui mapema, na mayi safi na kitambaa, bila sabuni ya mchanga.

Baridi ya asubui ya mwezi wa sita nayo inahesabika. Pano zikiwa baridi, volti yake inapanda. Kama fundi amefunga pano mpaka mwisho wa volti ambayo regulateri inakubali, itaungua asubui moja ya Juni na mutashangaa. Muache nafasi ya robo.

Waya ya pano iko na umeme kila saa jua liko juu, hata kila kitu kikizimwa. Na umeme wa pano, tofauti na wa SNEL, ukikatwa unafanya muale wa moto unaokatala kuzimika. Kwa hiyo disjonteri za upande wa pano na wa batri ziwe zile zilizoandikwa kwamba ni za umeme wa batri. Disjonteri ya kawaida ya nyumba ikiwekwa pale, siku ya kukata itawaka. Tena musichomoe vichwa vya waya za pano wakati jua liko kali na muzigo unafanya kazi.

Kanuni ya mukono: kufunga, batri kwanza, pano nyuma. Kufungua, pano kwanza, batri nyuma.

Batri isilale pamoja na mbolea

Depo zetu ziko na mifuko ya mbolea, mbegu, mara ingine bidoni za mazuti. Batri isikae pale. Batri za risasi zikichaji zinatoa hewa inayoshika moto. Mbolea zingine zinaongeza nguvu ya moto, na vumbi yake inakula shaba ya waya mpaka inakuwa kijani. Mutafute chumba kidogo, chenye matundu chini na juu ya kupitisha hewa, chenye mulango wa kufunga. Batri zikae juu ya mbao ao tofali, si juu ya simiti yenye majimaji.

Waya kati ya batri na onduleri iwe fupi na nene. Wati 2 000 kwa volti 24 ni amperi zaidi ya 80. Inaomba waya ya milimetre 35, isiyopita metre mbili, na fizibu yake karibu kabisa na batri. Onduleri ile ile kwa volti 12 ingeomba amperi karibu 170. Ndiyo maana tulichagua 24. Ukiona fundi amefunga batri na waya ya ampuli, umusimamishe.

Maswali ya kumuuliza fundi mbele ya kumulipa

1. SNEL na jua vinatengwa na chombo gani? Nionyeshe.
2. Swichi inakata fazi na netre zote mbili?
3. Mashini ya kusaga iko kwa tablo gani?
4. Netre ya onduleri imefungwa kwa udongo wapi?
5. Fizibu ya batri iko wapi, na ni ya amperi ngapi?
6. Disjonteri za pano na batri zimeandikwa za umeme wa batri?
7. Utatuachia mchoro wa waya, tuubandike kwa ukuta?

Fundi muzuri hatakasirika. Atafurahi. Yule anayejibu «Mama, wewe leta feza tu, mambo ya waya uniachie», mumushukuru, mutafute mwingine. Sehemu ya mwisho ya malipo itolewe nyuma ya siku saba za kufanya kazi, si siku ya kuwasha.

Kwa ukuta, juu ya tablo, andikeni na herufi kubwa: NYUMBA HII IKO NA VYANZO VIWILI VYA UMEME, SNEL NA JUA. Mutumishi wa SNEL ao mutu anayekuja kuzima moto lazima ajue. Na muijulishe SNEL ya kwenu kwamba muko na mufumo wa jua.

Ufunguo na sanduku

Mifumo mingi haifi kwa sababu ya jua. Inakufa kwa sababu kila mutu ni mwenye nayo na hakuna mwenye kuichunga. Mukutano uchague watu wawili, mama mumoja na baba mumoja, wa kushika ufunguo na daftari. Kila juma waandike volti ya batri asubui, wapime mayi ya batri kama ni za risasi (mayi ya batri tu, si ya kisima), na waangalie waya kama panya hajazitafuna.

Feza za kuchaji simu ziingie kwa sanduku lake peke yake. Tuseme batri zilinunuliwa franka 1 800 000, na muko munazani zitaishi miaka mitatu, ni kusema miezi 36. Kila mwezi inaomba 50 000 pembeni. Mutunza-sanduku akisema mwezi huu hazikuingia, komite ijue kwamba giza imeanza kukaribia, hata kama ampuli zingali zinawaka.

Na mukija kumaliza kazi, mufanye jaribio moja la mwisho mbele ya wanachama wote. Muzime SNEL kwa disjonteri kubwa. Mugeuze kwa JUA. Ampuli ziwake, frigo ilie, na kipimo cha fundi kwa upande wa SNEL kibaki kwa sifuri. Ile sifuri ndiyo inamulinda mutoto wa mutu anayepita barabarani, na mutumishi wa mulingoti arudie kwake jioni kula bukari. Ikiwa sifuri, mupige mikono. Ikiwa si sifuri, muzime kila kitu, na mutu asilale akizani ni kitu kidogo.